Historia tupu, IR tupu, au vyote viwili? Ulinganisho kwa mnaojaza machaguo ya chuo

Mtoto wa dada yangu kamaliza fomu siksi, kombi yake HGL (historia, jiografia na Kiingereza), matokeo mazuri tu, sasa juzi saa tano usiku kaniandikia: "Shikamoo mjomba, nisome historia, nisome IR, au ile ya vyote viwili?" IR ndo uhusiano wa kimataifa. Nikamwitikia marahaba, nikarekodi voisi ya kwanza, ya pili, kufika ya nne nikaona hapa bora niandike, maana si yeye peke yake. Kila dirisha la udahili likifunguliwa kuna kundi zima la HGL, HKL, HGK na HGE linahangaika na swali hilo hilo, muongozo wa TCU, ile tume ya vyuo vikuu, uko mkononi na siku zinayoyoma.

Mimi nilianza na historia, masta nikafanya uhusiano wa kimataifa, na miaka mitatu ya digrii ya kwanza nililala chumba kimoja na jamaa wawili wa IR, kwa hiyo nimewaona kuanzia wanavyoamka mpaka wanavyokesha na madesa. Sina hisa kwenye chuo chochote. Ila upande ninao na nauweka mezani mapema: digrii ya vyote viwili ikipangwa vizuri ndo tamu kuliko zote tatu, na ikipangwa ovyo ndo mbaya kuliko zote tatu. Kazi ni kujua ipi ni ipi kabla hujabonyeza kutuma maombi.

Kutwa nzima unafanya nini

Wengi wanadhani historia ya chuo ni ile ya sekondari, sababu sita za mkutano wa Berlin, madhara sita ya ukoloni, ukimaliza kuzitaja unaweka kalamu chini. Hiyo isahau. Chuoni unapewa ripoti aliyoandika DC wa kizungu kuhusu pamba wilayani kwake, kurasa nne, halafu unaulizwa nani kaandika, kamwandikia nani, anataka aonekaneje kwa bosi wake, na wakulima wenyewe wako wapi humo ndani mbona hawasemi kitu. Yaani unafundishwa kutoamini karatasi kirahisi. Na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hii ina mizizi yake, miaka ya 60 wanahistoria akina Terence Ranger, Isaria Kimambo na Arnold Temu walikuwa wanapigana kuonesha kwamba Mwafrika ana historia yake na si mgeni kwenye historia ya Mzungu, Walter Rodney naye akafundisha pale pale, na mpaka leo kukiwa na ubishi kuhusu mkondo huo wa kuandika historia, unaoitwa shule ya Dar es Salaam, watu wanapandishiana sauti kwenye semina. Kuna kwenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, au Kilimani kama uko Zanzibar, unakaa na faili linalonuka vumbi siku nzima unapata sentensi mbili za maana. Kuna kurekodi wazee pia, na mzee hakupi mwaka, anakwambia "ilikuwa ile njaa kubwa", wewe ndo ujue njaa gani.

IR ni mambo mengine kabisa. Unaanza na nadharia, wahalisia wanasema dunia haina serikali kwa hiyo kila nchi inajilinda yenyewe, waliberali wanasema hapana, biashara na taasisi zinaweza kuwaunganisha watu, wengine wanasema maslahi yenyewe yanatengenezwa vichwani kutokana na nchi inavyojiona. Hapo utakutana na vitabu vya wahalisia, Morgenthau wa 1948 na Waltz wa 1979, mpaka uwaote. Halafu sheria ya kimataifa, uchumi wa kimataifa, usalama, diplomasia, jumuiya za kikanda. Jamaa zangu wa chumbani walikuwa wanaamka na habari za dunia, kabla ya mswaki wanajua nani kamwekea nani vikwazo. Na suti! Wiki ya mjadala wa kuigiza Umoja wa Mataifa chumba kizima kinanuka pasi, mmoja ni Brazil mwingine ni Norway, mimi nimekaa kitandani na daftari langu la pamba.

Kwa kasi, historia inakwenda kama punda wa mizigo na IR kama bodaboda. Usidhani nasifia mmoja, bodaboda inafika haraka ila mara nyingi haikuona njiani kulikuwa na nini, na punda ameona kila jiwe ila mkutano umeshaisha.

Kuna mtu mmoja ambaye nawaambia watoto wamjue kabla ya kuchagua, E. H. Carr. Mwingereza huyu alifanya kazi wizara ya mambo ya nje ya kwao toka 1916 mpaka 1936, akaacha akaenda Aberystwyth kule Wales kukalia kiti cha uprofesa wa siasa za kimataifa, kiti kilichoanzishwa 1919 baada ya vita kuu ya kwanza na ndo kinahesabika cha kwanza duniani kwenye fani hii. Mwaka 1939 akatoa kitabu ambacho mpaka leo wanafunzi wa IR wanakutana nacho mwaka wa kwanza, kisha akageuka akatumia miaka mingi kuandika historia ya Urusi ya Kisovieti, na 1961 akatoa kingine ambacho wanafunzi wa historia nao wanakutana nacho mwaka wa kwanza. Mtu yule yule. Mimi nilimsoma upande wa historia na jamaa zangu wakamsoma upande wa IR, tukaishi chumba kimoja karibu mwaka mzima bila kugundua ni Carr mmoja, kila mtu anadhani wake ni mwingine. Hiyo inakwambia jinsi vyuo vinavyoweza kukata kitu kimoja vipande viwili.

Jaribio la Ziwa Nyasa

Badala ya kulinganisha kwa maneno matupu tuchukue suala moja tuone kila digrii inalishika vipi. Mgogoro wetu na Malawi, mpaka upite ufukweni upande wetu kama wanavyosema wao, au katikati ya maji kama tunavyosema sisi.

Mwanafunzi wa historia tupu anaanza na mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ule ule ambao Mjerumani alipata kisiwa cha Heligoland na kuachia mambo ya Zanzibar kwa Mwingereza. Mle ndani mstari umechorwa kufuata ufukwe wa ziwa, sio katikati. Basi hapo anakaa. Kwa nini ufukweni? Nani alikuwa na mashua ziwani wakati ule, wamisionari wa Kiskochi wanaingiaje, watu waliokuwa wanavua pande zote mbili waliambiwa lini kwamba kuna mstari? Halafu anaona Mjerumani kashindwa vita, Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza na Nyasaland, ndo Malawi ya leo, nayo ya Mwingereza, kwa hiyo miaka mingi hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuliza mpaka unapita wapi maana pande zote bosi ni mmoja, ramani zikawa zinatoka nyingine hivi nyingine vile. Mwaka 1954 Mwingereza akakaa na Mreno wakakubaliana upande wa Msumbiji mpaka upite katikati. Upande wetu ukabaki ulivyobaki. Mwaka 1967 Tanzania inaandika rasmi kudai katikati, na mwaka huo huo rais wa Malawi, Kamuzu Banda, anaanzisha uhusiano wa kibalozi na makaburu wa Afrika Kusini wakati Dar es Salaam imejaa wapigania uhuru. Sasa je, ugomvi ule ulikuwa wa maji au wa makaburu? Swali zuri kweli, insha inaandikika, lakini muulize sasa tufanye nini, anaanza kukohoa.

Mwanafunzi wa IR tupu hana habari na wamisionari. Anaanza 2011 na 2012, Malawi katoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, joto limepanda, wapatanishi ni marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Anakuchorea nani ana nguvu, nani ana nini cha kupoteza, njia zilizopo ni ngapi: mazungumzo ya wawili, upatanishi, mahakama ya kimataifa kule The Hague, au kuacha kama ilivyo maana kuacha kama ilivyo nayo ni sera. Anajua ile kanuni ya kwamba mipaka ya kikoloni iheshimiwe, iliyopitishwa na OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, pale Cairo mwaka 1964. Kwa kurasa tano anampa waziri kitu cha kusoma kwenye ndege. Ila akiulizwa "huo mkataba wa 1890 umeusoma?" anasema ameona umetajwa.

Wa vyote viwili, kama kafundishwa vizuri nasisitiza, anaona kitu ambacho wale wawili wamepishana nacho mlangoni. Kwanza anaona aibu iliyojificha hapo, kwamba ile kanuni ya Cairo Nyerere mwenyewe ndo alikuwa mstari wa mbele kuipigania, kwa sababu nzuri tu, Afrika isichinjane kwa mipaka, na sasa kanuni ile ile ndo silaha ya Malawi dhidi yetu. Pili, anakwenda kutafuta kama kuna mahakama imewahi kuufungua mkataba ule wa 1890, na anakuta ndiyo! Botswana na Namibia waligombea kisiwa kidogo kwenye mto Chobe, Kasikili wengine wanakiita Sedudu, na tarehe 13 Desemba 1999 majaji wa The Hague wakakipa Botswana, na walichokuwa wanakisoma ni mkataba ule ule wa Heligoland, kifungu kingine tu. Majaji walikaa wanabishana maneno ya 1890 yalimaanisha nini kwa walioyaandika, mkondo mkuu wa mto ni upi, na ramani zilipoletwa hazikuweza kuwamalizia kesi. Sasa hiyo ni kazi ya mwanahistoria ikifanyika ndani ya chumba cha IR. Mwenye historia tupu asingefika The Hague, mwenye IR tupu angefika hana faili.

Ningeweza kufanya mchezo huo huo na maji ya Nile: mkataba wa 1929 Mwingereza alisaini na Misri kwa niaba yetu, Nyerere baada ya uhuru akakataa kubebeshwa mikataba aliyosaini mtu mwingine, na leo kuna mkataba mpya uliofunguliwa Entebbe 2010. Anayetafuta mada ya tasnifu ya mwaka wa tatu asije akasema sikumwambia. Na angalia utamu wake: kwenye mipaka tulisema ya mkoloni iachwe, kwenye maji tukasema ya mkoloni ifutwe. Ukiweza kueleza kwa nini mambo hayo mawili hayagongani, au yanagongana, wewe ni mtu wa digrii ya pamoja na usijaribu kujidanganya kwenda kusomea sheria.

Nadharia ikikutana na nyumbani

Hapa ndo niligombana na jamaa zangu mpaka jirani akagonga ukuta. Wahalisia wanasema nchi, hasa ndogo na maskini, inafuata maslahi na kuogopa wakubwa. Haya. Desemba 15 mwaka 1965 Tanzania, nchi ina miaka minne ya uhuru, inavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wa kizungu walijitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 unakwenda na maji. Mwaka huo huo ugomvi na Wajerumani wa Magharibi kuhusu ofisi ya Wajerumani wa Mashariki nchini kwetu, wakakata msaada wa kijeshi, Nyerere akawaambia ondoeni yote. Aprili 1968 tunaitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, wakati karibu Afrika nzima iko na serikali ya Nigeria kule Lagos. Nani hapo alifuata maslahi? Jamaa mmoja akasema basi Tanzania ilikuwa inakosea hesabu. Mwingine, huyu alikuwa na akili zaidi, akasema hapana, maslahi yenyewe waliyaelewa tofauti, nenda kasome wale wa upande wa tatu wa nadharia. Nikaenda kusoma, na ndo nilipoanza kuiheshimu IR, kwa sababu ilinipa jina la kitu nilichokuwa nakiona kwenye mafaili ila nashindwa kukisema.

Kwa hiyo IR bila historia inakufanya uamini nadharia iliyotungwa na watu wanaoishi kwenye madola makubwa inatosha kueleza kila mtu, na historia bila IR inakufanya uone kila tukio ni la peke yake halifanani na lingine, na ukiulizwa jumla yake nini unasema "inategemea". Inategemea, inategemea, mpaka msikilizaji anakwenda kununua chai.

Kuandika na mitihani

Fupi tu hapa. Historia ni insha ndefu na marejeo mengi, alama zinakwenda kwa ushahidi, ukidai kitu bila kuonesha umekitoa wapi unachinjwa. IR kuna insha pia ila kuna vile viripoti vya kurasa mbili vya kumshauri waziri, prezentesheni za makundi (na kila kundi lina mtu asiyetokea, ni sheria ya maumbile) na kesi za kuchambua. Kusapu, yaani kufeli na kurudia mtihani, nimeona pande zote. Watu wanaosema historia ni ya kukariri wanasapu historia, na wanaosema IR ni porojo wanasapu IR, wa kwanza kwa kuandika tarehe tupu na wa pili kwa kuandika habari ya jana bila nadharia.

Ukisoma vyote viwili kuna kero ambayo hawakuambii, unaandika kwa lugha mbili. Jumatatu mhadhiri wa historia anakukata alama kwa kuanza na nadharia, "umeshapata jibu kabla ya kuona ushahidi", Alhamisi wa IR anakukata kwa kutokuwa nayo. Semista ya kwanza unaona kama unaonewa. Semista ya tatu unajua kubadilisha gia na hapo ndo unakuwa hatari.

Kazi, maana najua ndo mlikuwa mnasubiri

Nitasema ukweli bila kupaka sukari. Tangazo la kazi halisomi ubongo wako, linasoma jina la cheti. Kwenye nafasi za mambo ya nje na mashirika tangazo mara nyingi linataja fani kwa jina, na "uhusiano wa kimataifa" linatajwa mara nyingi kuliko "historia". Mimi mwenyewe na historia yangu nimeshakwama kwenye fomu ya mtandaoni iliyonitaka nichague fani kwenye orodha na yangu haipo, nikatafuta kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Kwa hapo IR inaishinda historia, hamna mjadala.

Ila IR nayo usiende ukidhani ni tiketi ya ubalozi. Wizara ni moja, balozi zetu zinahesabika, na wahitimu wa IR kila mwaka wanatoka vyuo vingi, kukiwemo kile cha Kurasini kilichoanza 1978 kwa makubaliano yetu na Msumbiji na sasa kinabeba jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Wengi wanaishia benki, NGO, forodha, mawasiliano ya makampuni, na wanaishi vizuri tu, lakini sio kule walikowaza siku ya suti. Jamaa zangu wawili, mmoja yuko kwenye klaringi bandarini na anasema sheria ya kimataifa inamsaidia kuliko alivyotegemea, mwingine anauza vifaa vya sola.

Historia tupu njia yake iliyonyooka ni ualimu, na hapo kuwa makini: BA ya historia na BA yenye ualimu ndani sio kitu kimoja, bila ualimu utahitaji kuongezea mafunzo kabla ya kushika chaki rasmi. Kwenye mtaala mpya kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo anayependa kufundisha asidharau. Zaidi ya hapo kuna makumbusho, nyaraka, utalii wa urithi, uandishi wa habari, utafiti. Ndogo ndogo lakini ushindani wake nao sio wa suti.

Vyote viwili mkao wake mzuri ni Arusha, nasema Arusha kwa sababu pale kuna makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na kuna nyaraka za ile mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyoundwa 1994 ikafunga 2015. Sehemu ambayo faili la zamani ndo siasa ya leo. Nafasi ni chache, naelewa, ila unapoandika barua ya maombi una la kusema ambalo wenzio hawana. Na Nairobi pale Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, kwa mwenye pasipoti na ujasiri.

Jinsi ya kukagua digrii ya pamoja kabla hujaingia kichwa kichwa

Hapa ndo pa kukaa. Jina la programu lisikutoe macho. Omba orodha ya kozi, mwaka kwa mwaka, iko kwenye prospektasi, isome kama unavyosoma mkataba wa nyumba ya kupanga.

Angalia kwanza kama kuna kozi hata moja inayounganisha fani mbili, kwa mfano historia ya diplomasia, historia ya vita baridi Afrika, sera ya nje ya Tanzania toka uhuru, mipaka na migogoro yake. Kama hakuna hata moja, hiyo sio digrii ya pamoja, ni nusu mbili zimefungwa kamba, utakuwa mgeni kwenye idara zote mbili na wahadhiri wa kila upande watakuona mtoto wa yule mwingine. Ratiba zitagongana, wewe ndo utakayekimbia kutoka jengo moja kwenda lingine jua la saa saba. Halafu angalia mwaka wa tatu, je tasnifu unaruhusiwa kuandika mada inayogusa pande zote na msimamizi ni nani? Swali hilo piga simu uulize, ukiona mtu wa upande wa pili wa simu hajui, hilo ni jibu.

Kitu cha tatu, mbinu za utafiti. Historia ina zake na IR ina zake, na ratiba ikibana moja ndo inayokatwa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika waraka halisi na hajawahi kusoma takwimu kaibiwa mara mbili.

Walio na mpango wa kusoma nje, Uingereza digrii hizi za pamoja ni za siku nyingi, LSE ya London wanayo na vyuo vingine vingi, na kuna kaneno ka kuangalia: ukiona fani mbili zimeunganishwa kwa "and" maana yake kwa kawaida ni nusu kwa nusu, ukiona "with" ya kwanza ndo mama na ya pili ni ya kusindikiza. Watu wanasaini bila kuona. Na England na Wales ni miaka mitatu, Scotland minne, ada ya mwaka mmoja zaidi sio mchezo. Kenya nako miaka minne, Tanzania mitatu, kwa hiyo anayelinganisha Nairobi na Dar aweke na kodi ya chumba ya mwaka wa nne kwenye hesabu.

Na lugha jamani. Hii haimo kwenye maswali yenu na ndo inayowatenga watu. Mwenye IR bila Kifaransa nusu ya Afrika kafungiwa mlango, na Congo sasa iko ndani ya Jumuiya toka 2022. Mwenye historia ya enzi za Mjerumani bila Kijerumani atasoma mafaili ya Dar kwa macho ya mtu mwingine, tena yale maandishi ya mkono ya zamani hata Wajerumani wenyewe wa leo wanayasoma kwa shida. Kiarabu kwa anayetaka pwani na Oman. Kiswahili chetu toka 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na ukiweza kutafsiri mezani hapo hapo bila kigugumizi una mkate. Kama chuo kinakuruhusu kozi za hiari, hiari yako iende kwenye lugha.

Sasa nani achukue nini

Kama unapenda kukaa na kitu kimoja mpaka kikuchoke, unasoma barua ya mtu aliyekufa miaka themanini iliyopita unasikia sauti yake, chukua historia, na masta utafanya IR. Njia yangu ndo hiyo na nadhani ni rahisi kuliko kinyume chake, kwa sababu nadharia za IR mtu mzima anazishika ndani ya mwaka, lakini tabia ya kuhoji karatasi inachelewa kuota na usipoipanda mapema haioti.

Kama unapenda watu, mikutano, unaongea vizuri, unataka cheti ambacho mfumo wa maombi unakijua na huna muda wa kumweleza mjomba wa kila harusi umesomea nini, chukua IR. Ila jilazimishe kozi mbili za historia kwenye zile za hiari. Mbili tu.

Vyote viwili ni vya mtu mwenye njaa, na aliyeona orodha ya kozi kwa macho yake. Kama orodha ni ya kamba, rudi kwenye moja ya hizo mbili za juu bila aibu. Na usichukue kwa sababu huwezi kuamua, maana wengi ndo wanavyoingia humo, na mwaka wa pili bado hawajaamua ila sasa wana asainmenti mara mbili.

Nilimtumia mpwa wangu haya yote, akakaa kimya siku mbili, halafu akajibu kwamba amepiga simu chuoni kuuliza habari ya msimamizi wa tasnifu na dada wa mapokezi amemwambia hakuna mtu aliyewahi kuuliza hivyo, asubiri, akamtafutia mhadhiri, wakaongea dakika ishirini kuhusu Ziwa Nyasa. Baba yake bado anataka asome sheria. Hilo la kwake na baba yake, mimi bando limeniishia.